Shingo Niliyoichora Sokoni

Ndugu zangu wa kikundi, nivumilieni nisome kwenye karatasi. Mnanijua, nikitazamwa na watu wengi ulimi unakuwa mzito. Nimeishia darasa la saba, na haya nimeyaandika kwa siku nne.

Vyama vingi vilipoanza, nilikuwa nachora vibao vya maduka hapa Tukuyu. Sokoni alikuwepo mama mmoja wa Masukulu, muuza ndizi. Sitamtaja. Alifunga bendera ya chama kipya juu ya meza yake. Vijana wenzangu wa chama cha zamani wakanijia.

"Wewe fundi," mmoja akasema, "wenzako tunaitetea nchi, wewe unachora vikombe vya chai tu? Au na wewe umenunuliwa?"

Nawaambia ukweli, niliogopa kuonekana si mzalendo. Tena nilipenda kuitwa fundi. Nikachukua mkaa, nikachora kwenye ukuta unaotazamana na meza yake: mwanamke anaikata nchi yetu vipande, anaiuza kwa mafungu kama ndizi. Ili watu wamtambue, nikamwekea tezi shingoni, kubwa kama boga. Mama yule alikuwa na tezi kweli. Hata bibi yangu alikuwa nayo, na bado nilichora.

Soko lilicheka siku nzima. Kesho yake watoto wakawa wanamfuata, wamejaza viazi kwenye kola za mashati. Wanunuzi wakampita. Ndizi zake zikaivia mezani, zikaoza. Wiki haijaisha tukasikia migomba yake imefyekwa. Sikushika panga mimi. Lakini nani alikuwa amewaonyesha wa kumfyekea?

Nikaenda na kopo la chokaa nifute ile picha. Kabla sijachovya brashi, mama akavuka barabara. Nyuma yake alikuja kijana wake, ameshika panga la kukatia mikungu. Watu wakajaa.

"Ni wewe?" kijana akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mama, niachie huyu."

"Tulia," mama akamwambia. Akanigeukia. "Usifute kwanza. Ulinichora bila kunitazama. Leo nitazame."

Akavuta kigoda, akaketi. Kisha akafungua khanga aliyojizungushia hadi kidevuni, tezi ikaonekana. "Na hii ichore. Ni yangu, si ya chama."

Ndugu zangu, sikuwahi kumtazama mtu mzima usoni muda mrefu hivyo. Nikatoa mkaa mfukoni, nikamchora ukutani kando ya ile picha ya kwanza; mkaa ulinivunjikia mara mbili. Niliona macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi. Niliona tezi ikipanda na kushuka kila alipomeza mate, na hapo nikajua kwamba naye anaogopa.

"Mchore na bendera yake!" jamaa mmoja akapaza sauti. Kijana akageuka, panga juu.

Mama hakusimama. "Baba, bendera ipo pale, kila mtu anaiona. Njoo, nikitoka mimi uketi wewe. Au una kitu unaficha?"

Watu wakacheka, ila si kama siku ile. Jamaa akarudi nyuma. Panga likashuka.

Nilipomaliza, mama aliitazama picha. "Huyu ndiye mimi," akasema. "Sasa futa zote mbili. Nina migomba ya kupanda."

Nikafuta. Kijana wake akanishikia kopo.

Siwadanganyi, soko halikupona siku hiyo. Wapo waliokataa kununua kwake mpaka uchaguzi ulipopita. Lakini Jumamosi nilibeba machipukizi ya migomba hadi Masukulu, na mmoja wa wale walionituma akaja nami. Alichimba mashimo hadi jioni. Mama akatupa maziwa ya mgando, wote wawili.

Namshukuru mama huyo, kwa Kinyakyusa chetu, ndaga fijo. Namshukuru kijana wake, aliyekuwa na panga na hakulitumia. Nanyi mlionipokea kwenye kikundi hiki, asanteni. Ipendeni nchi, na chama chako kipende. Ila ukitaka kumwita jirani yako adui wa nchi, nenda kwanza ukaketi mbele yake, mchana, naye akuone. Kama huwezi, weka mkaa chini.