Wegesa Marwa, Aliyefunika Samadi

"Fukueni lile lundo kwanza, ndipo mzike," alisema baba mdogo Wangwe jana, mbele ya waombolezaji, "shemeji alificha kitu chini ya yale majani." "Kuna mavi ya ng'ombe, Mzee Wangwe, sogea unuse," akajibu bwana shamba Telesphory, na baba mdogo akamwambia, "Wewe umeletwa na serikali, kesho utahamishwa, sisi ndio tutabaki na uchawi wake." Wazee wangu, shikamooni, mimi ni Robi, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, naomba mnivumilie, kwa sababu naogopa.

Mama yetu, Wegesa Marwa, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1984 huko Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, akasoma shule ya msingi huko huko na kumaliza darasa la saba mwaka 1999. Tarehe 10 Julai 2004 aliolewa na baba yetu Raphael hapa Gorong'a, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Vicent na Sarah, na baba akatutoka mwaka 2021.

Kazi yake ilikuwa kulima na kufuga. Mwaka 2022 bwana shamba alimfundisha kwamba ile harufu kali ya mkojo inayochoma macho zizini ni dalili ya naitrojeni, chakula cha mahindi, kinachopaa hewani, basi Mama akaanza kutandika mabua makavu zizini yanyonye mkojo, akalundika samadi kivulini pamoja na majani makavu, akaifunika kwa udongo na nyasi ili jua na mvua visiiguse, wala hakuigeuza ovyo. Lundo lilipata joto, asubuhi likawa linafuka mvuke, na hapo maneno yakaanza. Baba mdogo aliacha samadi yake juani, kama wengi wetu tunavyofanya, mahindi yake yakawa ya njano, yetu yakawa kijani kibichi, akasema Mama anahamisha nguvu ya zizi lake kwa dawa. Mama alimwita aje aone, hakuja. Nguvu ile ilipotelea hewani, haikuja kwetu, na hilo nalisema mbele ya jeneza.

Februari 2024 Mama alianza kuvimba miguu, madaktari wakasema ni moyo, nikaacha shule nikiwa kidato cha pili ili nimuuguze, akafariki Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, hospitalini mjini Tarime. Hakuuawa na kitu alichokizika, kwa sababu hakuzika kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, bwana shamba, na akina mama wa kikundi chake cha kilimo. Mama, kazi umeifanya, lala salama, Mungu akupumzishe.

Wanaotaka kufukua lundo wafukue leo, mchana huu, mbele yenu wote, mimi mwenyewe nitashika jembe, ila nawaomba msitawanyike mapema, kwa sababu asubuhi, nikimalizia kuandika haya, mama mmoja ambaye simtaji alisimama mlangoni, akakataa kuingia, akasema, "Robi, mkishazika tu, chukua wadogo zako mwondoke, msilale hapa."