Bwana Anyona, Nyenje na Homoni ya Giza

Bwana Manasseh Anyona, fundi wa maabara ya shule yetu hapa Nyaramba, anastaafu tarehe 31 Julai baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kwa muda huo wote amevunja vikombe viwili tu vya kioo. Cha tatu anasema kilijivunja.

Wengi tutamkumbuka kwa nyenje. Aliwafuga katika masanduku mawili, akatufundisha kwamba wadudu nao hutengeneza melatonini, homoni ambayo miili yetu huitoa giza linapoingia. Sanduku moja alilifunika kwa gunia la majani chai kila saa kumi na mbili jioni. Lingine lilikaa chini ya taa iliyowaka hadi asubuhi. Nyenje wa gunia waliimba kwa ratiba. Wa taa melatonini yao ilivurugika, wakaimba wakati wowote, hasa wakati wa mtihani wa Hesabu. Bwana Anyona aliwaomba msamaha (nyenje, si sisi), akalitafutia sanduku lao gunia.

Kosa lake kubwa lilikuwa tangazo. Mwaka juzi alituandikia ubaoni, sisi wanachama wa chama chake cha nyenje: "Chama cha Homoni ya Giza kitakutana leo. Leteni magunia." Matroni wetu, Mama Loice, Msabato asiyecheza na mambo ya giza, alilisoma, akaingia maabara na wapishi wawili wakiimba nyimbo za kufukuza pepo. Nyenje wakanyamaza. Mama Loice akahesabu ushindi.

Bwana Anyona alimweleza kwa saa nzima. Mwishowe Mama Loice aliuliza, akimwita kwa jina la mwanawe, "Kwa hivyo, Baba Bravin, hawa watoto wako wakikosa giza wanaugua?" Akajibiwa kwamba wanadhoofika. Tangu siku hiyo yeye ndiye hutukemea: "Nyinyi wasichana, zimeni taa. Wadudu wa watu watakosa giza."

Mwezi huu mwalimu mkuu alisema nyenje wataachiliwa shambani asipopatikana mwanafunzi wa kuwafunika kila jioni bila kukosa. Bwana Anyona hakugusa chakula cha mchana siku mbili, na zilikuwa siku za ndengu, mboga anayoipenda kuliko zote. Niliandika barua ya maombi, nikainakili upya mara nne. Ijumaa iliyopita alinikabidhi gunia, limefuliwa na kupigwa pasi. "Saa kumi na mbili," alisema. "Si na dakika tano."

Bwana Anyona, tunakushukuru. Nenda nyumbani Kiogoro, uamke na jua, na kila jioni upate giza la kutosha. Gunia liko mahali pake.

Linda Nyanchera, Kidato cha Tatu