Soksi ya Mkono wa Kushoto

Fundi cherehani alikuwa ameshika soksi moja ya mtoto, na mwalimu mstaafu aliyekaa naye kiti kimoja ndani ya basi akashindwa kuvumilia. "Ya pili iko wapi, mwanangu?"

"Ya pili haipo, mama. Binti yangu anavalishwa hii mkono wa kushoto darasani, ili aandike kwa wa kulia. Sasa hata nyumbani anaukalia huo mkono. Naenda kuirudisha."

"Usithubutu! Vumilia mwaka mmoja tu, atazoea. Mimi wanafunzi wangu wa kushoto nilikuwa nawafunga kitambaa mkononi, na wote walinyooka." Alisema kama anayezungumzia nguo za kupiga pasi. "Dereva huyo ni mmojawapo. Muulize."

"Simuulizi mtu. Mimi nakata vitambaa kwa kushoto, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia gauni."

"Gauni si mtihani, mwanangu. Akichelewa kumaliza, utamwandikia wewe?"

Hapo fundi alichomwa, maana daftari la binti yake lilikuwa na mistari miwili tu tangu Jumatatu. "Anachelewa sasa hivi, mama. Kwa huo huo wa kulia."

Basi likasimama mbele ya shule. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, akachukua kalamu kwa kushoto aandike saa ya kufika. Kwenye kioo akakutana na macho ya mwalimu wake, na upesi akaihamishia kulia.

"Umeona?" mwalimu akasema kwa fahari.

"Nimeona," fundi akajibu, akaikunja soksi ndani ya ngumi, akashuka.