Mrija wa Mkono wa Kushoto

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi rika langu, tumshukuru Mungu kwamba tumekutana na hakuna jeneza mbele yetu.

Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha kubeba wagonjwa na kuzikana ameniomba nisimame, kwa sababu wanachama wapya wanautazama mkono wangu na kuogopa kuuliza. Basi utazameni. Kovu hili si la panga. Hapa ndipo damu yangu ilipokuwa ikitoka nje ya mwili na kurudi ndani, macho yangu yakiiona.

Mwanzo wake mnaujua wengi. Nilikuwa na mimba ya nne, nyumbani kwetu Chonyonyo. Mtoto alizaliwa hana pumzi. Alikuwa wa kiume. Juu yake sitasema zaidi, mtanisamehe.

Baada yake damu haikukoma. Kanga zililowa, gunia nililolalia likalowa. Wakubwa wa ukoo wakaketi sebuleni kuulizana ni nani aliyenifanyia hivi. Mmoja akamtaja jirani, mwingine akakumbusha ugomvi wa shamba. Mimi niko chumbani, nasikia sauti zao zinaenda mbali, mbali. Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kufa huku watu wakiwa kwenye kikao cha kumjadili yeye.

Aliyekivunja kile kikao ni mume wangu. Alitoka nje akapiga yowe, wanaume wa chama wakaja na machela. Mvua ilikuwa inanyesha na ule mteremko wa kwetu ulikuwa utelezi mtupu. Wawili walianguka, machela haikuanguka.

Hospitali walinitia damu, nikafumbua macho. Nikadhani nimepona. Kumbe! Sista analeta chombo nijisaidie haja ndogo, anakiondoa kikavu. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Uso ukavimba, miguu ikawa kama magogo, nikatapika, nikashikwa na kwikwi isiyokwisha. Daktari akamwita mume wangu.

"Figo zake zimelala kwa sababu ya kukosa damu," akasema. "Zinaweza kuamka. Ila uchafu unaojaa mwilini hautazisubiri. Nairobi wanayo mashine ya kusafisha damu. Hapa hatuna."

Mama mkwe alikuwa amekaa chini kando ya kitanda changu. Akasema, "Damu yote itolewe iingie kwenye mashine? Hao si ni mumiani? Mwanangu, mrudishe mkeo nyumbani, afie kwake, tumzike kwenye migomba yetu."

Mume wangu akamjibu taratibu, "Mama, kaburi halitatukimbia. Acha kwanza nimpeleke." Tukaondoka kwa ndege ndogo ya misheni. Safari yenyewe siikumbuki, akili yangu ilikuwa imeshavurugika.

Nairobi walinichoma ganzi, wakanipasua hapa, juu ya kiganja. Wakapandikiza mirija miwili midogo ya plastiki: mmoja kwenye mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, mwingine kwenye mshipa unaoirudisha. Ncha zake zilitokeza nje ya ngozi, wakaziunganisha kwa kimrija kilichopinda kama kipini cha kikombe. Siku ya mashine walizitenganisha, damu ikaenda kusafishwa na kunirudia. Siku nyingine ilipita tu pale mkononi, nyekundu. Ukiugusa mrija ni wa moto. Ukiusogeza sikioni unavuma kama mzinga wa nyuki.

Sista alibana vibanio viwili vya chuma kwenye bendeji yangu. "Hivi usiviache hata ukienda chooni," akaniambia. "Mrija ukifunguka, bana pande zote mbili. Ukichelewa, damu itakwisha."

Kitanda cha pili alikuwepo mama wa Machakos, mtu mzima kunizidi. Yeye figo zake zilikuwa zimekufa kabisa. Mikono yake yote ilikuwa imepasuliwa na kushonwa. Mrija wake ulikuwa umepandikizwa chini ya ngozi, umetuna kama mnyoo, na walimchoma sindano humohumo. Alikuwa akiniita Tanzania.

"Wewe Tanzania, kwenu mnakula nini?"

"Ebitoke, mama. Ndizi asubuhi, ndizi jioni."

"Na hapa umekatazwa ndizi! Basi wewe umeshakufa." Akacheka hadi akakohoa.

Ni kweli, nilikatazwa. Ndizi zinaweza kuusimamisha moyo wa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi. Maji nayo ni kikombe kimoja kutwa nzima. Niliwahi kulamba kioo cha dirisha asubuhi, kilipokuwa na ukungu. Mume wangu akarudi kwa watoto, nikabaki na yule mama.

Siku moja nilikuwa bafuni nanawa uso. Sijui kama kitambaa kilinasa au vipi. Niliona tu ukuta unakuwa mwekundu. Mrija ulikuwa umefunguka, na damu haidondoki, inaruka. Vibanio niliviona, lakini vidole havikunitii. Nikasimama naitazama, kama vile ni damu ya mtu mwingine.

Mama wa Machakos aliingia miguu mitupu. Hakupiga kelele. Alinikaba mkono kwa kiganja chake, akachomoa kibanio kwa meno, akabana, akabana na cha pili. Ndipo akaita sista. Tukaanguka chini pamoja, ananipepea kwa kanga na kusema, "Wacha kulia. Kulia kunamaliza maji, na wewe maji huna."

Baada ya hapo mrija wangu uligandisha damu. Ukawa mweusi, baridi, hauvumi. Wakauzibua, ukaganda tena. Madaktari wakaanza kuzungumzia kunipasua paja, wapandikize mwingine huko. Nikamwambia Mungu, kama ni kunichukua basi nichukue, nimechoka kushonwa kama gunia la kahawa.

Asubuhi iliyofuata nilisikia haja. Mnisamehe wazee, ni lazima niseme. Nilitoa mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi, wa kufunika tako la chombo tu. Sista alipouona akapiga makofi. Nami nikajifunika shuka usoni, kwa kuwa mama wa Machakos alikuwa ananitazama, na ile furaha yeye hataipata.

Akaniambia, "Tanzania, funua uso. Usinifiche. Furahi nikuone, mimi nimekaa hapa nikiona wanaokufa tu."

Nikafunua. Tukacheka sote, na machozi yakatutoka.

Figo ziliamka polepole, wakautoa mrija. Wa mama wa Machakos uliingia usaha, ukatolewa nao, na mwilini mwake hapakuwa na mshipa mwingine wa kutumia. Wanawe walikuja kumchukua nikiwa bado wodini. Alivaa kitambaa chake kichwani, akanishika hapa kwenye kovu, akaondoka. Tulijua sote wawili anakwenda wapi.

Sijapata mtoto mwingine. Lakini nalima na ninapika, na wale watatu wamekua.

Nawashukuru mlionibeba siku ya mvua, mko hapa na mnajijua. Namshukuru mume wangu. Namshukuru mama mkwe: yeye aliyesema mumiani ndiye aliyewaosha na kuwalisha wanangu muda wote nilipokuwa mbali, na niliporudi aliushika mkono huu akaulilia. Yule mama wa Machakos sina pa kumpelekea shukrani, kwa hiyo naziacha kwenu.

Ombi langu ni moja. Mwanamke akitokwa damu nyumbani kwako, usiketi kumtafuta mchawi. Mbebeni. Maneno mtayasema barabarani, mkiwa naye begani, bado anapumua.