Mnara wa Usenge na Maisha ya Fabian Oyugi

Wapendwa ndugu, majirani na ninyi mliotoka mbali, familia inawaomba mvumilie jua, kwa sababu historia hii imeandikwa kama marehemu mwenyewe alivyotaka, na alimwagiza binti yake Aloo, anayeisoma, asiruke mahali popote, hata pale atakapoona haya.

Fabian Oyugi alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Seme, karibu na soko la Kombewa, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oduor na marehemu Mama Susana, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1976, kisha akajifunza ufundi wa mabomba na kuchomelea mjini Kisumu, akahitimu Novemba 1981.

Februari 1982 aliajiriwa katika karakana moja upande wa viwanda, akapewa kazi ya kupima na kukata mabomba yanayoungwa kwa pembe, kazi ambayo haitaki papara, kwani ncha ya bomba moja ni lazima ichongwe mdomo wa kukumbatia mgongo wa jingine, na ili mdomo huo utoke sawa fundi hukata karatasi kwa vipimo, akaizungusha kwenye bomba, akafuata ukingo wake kwa chaki ndipo awashe gesi. Fabian aliijua kazi hiyo kuliko wote, na huko kujua ndiko kulikomponza.

Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa Maryanne Atieno, wakajaliwa watoto watatu, Aloo, Frankline na Cliff.

Mwezi Mei 2009 karakana ilitumwa kujenga mnara wa tangi la maji kwenye ufuo wa Usenge, pale akina mama wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani, Fabian akikata mabomba, naye Joram Wabwire, fundi kutoka Busia aliyekuwa rafiki yake kwa miaka tisa, akichomelea. Siku ya mwisho Fabian hakutengeneza karatasi, alikadiria kwa jicho tu, akisema mkono wake umeshazoea, na bomba la mwisho lilipowekwa mahali pake Joram alilikagua akamwambia kwa upole, "Bwana Fabian, hapa kidole kinaingia. Tukate lingine."

"Jaza pengo kwa rodi ya kuchomelea," Fabian akamjibu. "Rangi itafunika."

Fabian ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi, kwa hiyo Joram alijaza. Tarehe 2 Septemba mwaka huo kiungo hicho kilipasuka, tangi likaanguka na kumvunja nyonga Mama Aoko, muuza omena, ambaye tangu siku hiyo hakutembea tena bila magongo. Wafanyakazi wote waliitwa uani, mwenye karakana akauliza ni nani aliyeharibu, na Fabian, akiwa amesimama bega kwa bega na rafiki yake, alisema kwamba kiungo ni cha aliyekichomelea. Joram alimtazama, akangoja aongeze neno, Fabian akainamisha macho. Joram alifukuzwa, sifa mbaya ikamfuata kila karakana Kisumu, akarudi kwao kuziba pancha za baiskeli, na mwaka uliofuata Fabian akapandishwa kuwa msimamizi.

Tangu hapo hakukata bomba bila karatasi, hata la mlango wa banda la kuku, na watu walimsifu kwa uangalifu, wakawaleta vijana wajifunze kwake, wasijue kwamba kila sifa ilimchoma. Alijiapiza mara nyingi kwenda Usenge kuomba radhi, akiahirisha mwaka hadi mwaka, mpaka Agosti 2016 aliposikia kwamba Mama Aoko amezikwa, na siku hiyo, mama yetu anasema, alikaa kitandani na viatu vyake miguuni hadi jioni, hakula.

Mwezi Juni 2023 aliugua mapafu, na tarehe 11 Novemba, akiwa bado na nguvu za kusafiri, alikwenda Busia na mkewe. Joram aliwapa viti, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza jambo moja tu, "Ulijua siku ile ile, tulipokuwa uani?"

"Nilijua."

Joram aliinuka, akaenda kukata majani ya ng'ombe, wala hakurudi walipokuwapo. Njiani Fabian alimwambia mkewe kwamba mtu aliyevunjiwa jina mbele ya watu hawezi kurudishiwa jina hilo sebuleni, na ndiyo maana ninyi nyote mnasikia haya leo.

Alilazwa tarehe 30 Januari 2025, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Februari, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotupokonya kazi za jikoni na kuzifanya wenyewe, na mafundi wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao. Inamshukuru pia Mzee Joram Wabwire, aliyeketi kwenye hema la nyuma, ambaye hajatuambia kwamba amesamehe, nasi hatutamwuliza. Mzee, kiungo kile hakikuwa kosa lako. Tunakuomba uje ukae hapa mbele.

Baba, tumesoma yote. Sasa pumzika.