Aliyewasha Taa Chini ya Vioo vya Bluu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Roswitha Dillenburger anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya usakristani, kazi ya kulitunza kanisa na vifaa vya misa, katika Kanisa la Mtakatifu Gangolf hapa Kirrweiden. Sisi tuliofanya naye kazi hatujui parokia itakuwaje bila yeye, na yeye hajui atakuwaje bila parokia. Tangu Pasaka anampa maelekezo mrithi wake, Bwana Jochen Faber, anaondoka, kisha anarudi kuyabadilisha. Jochen ana subira. Ataihitaji.

Bi Roswitha alikuja kwetu kutoka posta. Marehemu Padre Holl alimuuliza swali moja tu siku ya kumwajiri: kama anaogopa ngazi ndefu.

“Nimekaa kaunta miaka mingi, Padre,” alijibu. “Naogopa kiti zaidi.”

Na kweli, sisi tulioko juu kwenye kinanda tulimjua kwa mlio wa funguo zake. Ulianza sakristia, ukapita nyuma ya altare, ukaishia mlango wa magharibi, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha ulikuwa umerudi. Padre Holl aliwahi kumsihi atulie angalau wakati wa mahubiri. Alitulia Jumapili mbili, tukahisi kama saa ya mnara imesimama.

Wanaokuja na mabasi kutazama vioo vya madirisha yetu ndio waliomfahamu zaidi. Vioo vya zamani vilivunjwa na mabomu ya vita, na kwa miaka mingi matao yetu yaliyochongoka yalizibwa kwa mbao, mpaka msanii wa vioo Aurel Wittich alipotutengenezea hivi tulivyo navyo: bluu juu ya bluu, hakuna mtakatifu hata mmoja wa kumtambua, ila michirizi myeupe inayopanda kuelekea darini. Wageni walipomuuliza picha inaonyesha nini, Bi Roswitha alijibu, “Hata Wittich aliulizwa hivyo. Akaenda kula chakula cha mchana.”

Nilipomwambia nitaandika wasifu huu, alinipa sharti. “Andika na habari ya kioo kilichovunjwa. Na usinipambe. Ukiiacha hiyo, usiandike kabisa.” Basi naandika.

Asubuhi moja ya Novemba 2016 alifungua kanisa akakuta shimo katika dirisha la kusini, vipande vya bluu vimetapakaa hadi chini ya viti, na katikati yake jiwe la mizani la shaba. Alilitambua papo hapo. Kirrweiden nzima ilikuwa imeona mawe yale yamepangwa katika dirisha la duka la Ewald Kranz, mwoka mikate, ambaye wiki hiyo hiyo tulikuwa tumemzika mkewe, Gerlinde. Bi Roswitha alilitia jiwe mfukoni. Polisi walipouliza kama ameokota chochote, alisema ameokota vioo.

Alitaka kumpa Kranz nafasi ya kuja mwenyewe. Alikwenda kununua mkate kwake asubuhi ile, na ya pili, na ya tatu. Kranz alimhudumia bila kuinua macho. Kanisani tulikuwa tumeziba shimo kwa nailoni, na upepo uliipiga pwaa, pwaa, katikati ya misa, hata watu wakawa wanageuka nyuma kama wanaoitwa. Hakuna aliyesali vizuri wiki ile. Funguo za Bi Roswitha hazikunyamaza.

Mjini maneno yalikuwa yameanza. Wakati ule shule ya zamani ilikuwa makazi ya wakimbizi, na watu wakaamua, bila kuwa na ushahidi wowote, kwamba mvunjaji ametoka huko. Polisi walimhoji mara mbili Bwana Tesfalem, fundi seremala kutoka Eritrea, kwa sababu tu alizoea kuja kusali peke yake. Siku ya nne asubuhi ukuta wa shule ulikutwa umechorwa kwa rangi nyekundu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Bi Roswitha aliyasoma, akaenda moja kwa moja kwa Kranz. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Aliipita yote.

“Leo sitaki mkate, Bwana Kranz. Nataka twende kanisani.”

“Sina kazi kule.”

“Unayo. Kuna watu wanachorewa ukuta kwa ajili yako.” Akaliweka jiwe la mizani juu ya kaunta.

Kranz alilitazama. Akavua aproni, akatoka naye, duka likabaki wazi na wateja wamesimama ndani.

Nilikuwa kanisani nikifanya mazoezi ya kinanda, kwa hiyo niliyasikia mwenyewe. Kranz alisimama pale lilipokaa jeneza la mkewe.

“Siku ile ya maziko niliinua uso nimtazame shemeji yangu, nikamwona bluu,” alisema. “Wanangu bluu. Mikono yangu hii, bluu. Niliona wote tumekufa, Gerlinde ametangulia tu. Na nyinyi mnakaa mnasifu uzuri wa vioo hivi.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungefanya nini, Roswitha? Ungezima jua?”

“Ningewasha taa,” Bi Roswitha alisema.

Kranz akakaa kwenye kiti cha karibu, akalia, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku hiyo hiyo alikwenda polisi. Jumapili alisimama mbele ya waumini akasema alichofanya, kisha akamgeukia Tesfalem, aliyekuwa kiti cha mwisho, akamwomba radhi.

“Wewe nimekusamehe,” Tesfalem alisema. “Na waliochora ukuta?”

Mpaka leo hawajajitaja, na baadhi yetu tunadhani tunawajua.

Bi Roswitha alimfuata Tesfalem nje. “Na mimi nina kosa kwako,” alimwambia. “Nilijua ni nani tangu asubuhi ya kwanza.”

“Siku nne?”

“Siku nne.”

Tesfalem alikwenda zake. Bi Roswitha alinunua rangi nyeupe, akaanza kuupaka ukuta wa shule peke yake kwenye baridi, nasi tukamwona na wachache wetu tukaenda kumsaidia. Majira yote ya baridi Tesfalem hakuja kanisani. Alikuja Ijumaa Kuu, akamkuta juu ya ngazi anafunga taa mpya kwenye nguzo.

“Sijasahau,” alimwambia.

“Hata mimi.”

“Ngazi yako inayumba.” Akaishika.

Taa hizo ndizo zinazowashwa kila tunapokuwa na maziko, mwanga wa manjano unaorudishia watu rangi za nyuso zao. Idara ya majengo ya kale ilimwandikia kwamba zinaharibu kazi ya Wittich. Aliijibu kwamba Wittich hajafiwa na mtu hapa. Wageni wakilalamika aliwaambia, “Rudini mchana. Sasa hivi tuna msiba.” Kioo kilichovunjwa kilitengenezwa upya, bluu yake imezidi kidogo, na hakuna aliyetaka kibadilishwe.

Julai anahamia Kiel, karibu na binti yake. Kwa niaba ya Padre, wanakwaya, Jochen, na Bwana Tesfalem ambaye sasa hutengeneza viti vyetu, tunakushukuru, Bi Roswitha, hata kwa siku zile nne ulizokataa tuzifiche. Nenda salama. Tunakutakia miguu isiyouma, bahari ya kuizunguka upendavyo, na majirani watakaokuambia mapema kinachowauma.