Nyuzi Mbili na Kipande

Mpishi wa shule alikuwa amefumba macho ndani ya basi, akimshukuru Mungu kwa kupata kiti, wanawake wawili wa kiti cha mbele walipomkatiza.

"Wifi, uvimbe wa titi langu madaktari walishauchoma sindano, majibu hayakueleweka," alisema mmoja, fundi cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Sasa wanataka kukata kijinyama cha kupima. Si wachome tena sindano tu?"

"Sindano huvuta chembechembe. Mteja akikuletea nyuzi mbili, akuulize zimetoka kitambaa gani, unamwambiaje?"

"Namwambia alete kipande." Fundi akamgusa kwa kiwiko. "Umenitega, wifi."

"Umejishona mwenyewe."

Mpishi akacheka puani, akajifanya anakohoa.

"Kipande chenyewe kikubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya mchele."

"Hicho hata kiraka hakitoshi," fundi akanung'unika. Kisha kwa sauti ya chini, "Na wakikuta ni kibaya?"

Wifi akamshika mkono. Basi likasimama. "Hospitali, wa kushuka," konda akaita.

Fundi akavua tepu, akamkabidhi wifi yake. "Nishikie. Wasije wakadhani mimi ndiye nimekuja kuwapima."

Wakashuka. Mpishi akafumba macho tena. Shukrani za kiti akaziacha zilipofikia, akaanza sala nyingine.